Mwaka wa Taa za Bluu

Shemeji yangu alinipigia simu nikiwa Singida, kwenye kibanda ninachouzia mitumba siku hizi, akaniambia mama amefariki alfajiri na watazika kesho yake. Nilifunga kibanda nikapanda basi. Nimehamahama maisha yangu yote. Nimeacha vyumba, kazi na wanaume, akiwemo mtoto wa huyu marehemu, lakini mama mkwe sikuwahi kumwacha, wala yeye hakuwahi kuacha kuniita mkamwana hata baada ya mwanawe kuoa mke mwingine. Kijiji chao kiko nyuma ya Buigiri, mahali ambapo upepo hauna kitu cha kuuzuia isipokuwa mibuyu michache na kuta za nyumba. Nilipofika nikawaamkia wanawake waliokaa kwenye mikeka, "Mbukwenyi," wakaniitikia kwa sauti moja, kisha wakanisogezea nafasi na sahani ya ugali wa uwele kana kwamba nilikuwa nimetoka kisimani tu. Baada ya maziko mama mmoja mzee akasema mkamwana aseme neno. Nilisimama nikasema marehemu alinilisha. Nikasema mkono wake ulikuwa mzito kwenye mwiko na mwepesi kwenye kutoa. Wakacheka kidogo, kicheko kile cha msibani kinachoombewa ruhusa, nikakaa chini. Lililobaki sikulisema.

Nyuma ya nyumba mpya ya bati kipande cha tembe la zamani, nyumba ya udongo mpaka paa, bado kimesimama. Siku hizi wanafungia humo kuku na majembe. Niliinama nikaingia, na giza likanifunga macho papo hapo, giza la mchana kweupe, lenye harufu ya moshi wa miaka na mkojo wa ndama. Nilisimama pale nikinyoosha mikono kama kipofu. Mimi ni mtu mzima sasa, nimelala kwenye vituo vya mabasi na kwenye mabanda ya wachimba dhahabu, na sikumbuki mara ya mwisho kuogopa chumba. Lakini pale niligeuka kuutafuta mlango. Mwili ulikumbuka kabla yangu.

Mwaka ule nilikuwa sijafika miaka ishirini. Shule niliiacha darasa la sita, hakuna aliyenifukuza, nilikuwa tu nataka kujua treni inalala wapi. Nilikuwa nimeuza mayai ya kuchemsha stesheni, nimeosha vyombo kwa mama lishe wa Kibaigwa, nimechuma zabibu, nimesugua masufuria ya jiko la ranchi Kongwa, na kote huko niliondoka au niliondolewa kwa sababu ya maswali. Tajiri mmoja alinitimua kwa kufungua mashine yake ya kusaga ili nione mtama unapita wapi. Kisha nikampata Yohana, nikapata mimba na chumba Makole, Dodoma mjini, na Yohana akapata kazi ya barabara huko Manyoni, akaondoka. Mama yake alikuja kunitazama akiwa amebeba kuku mmoja na kaniki yake imefungwa kifuani, akazungusha macho kwenye chumba chenye godoro na ndoo, akasema, "Huwezi kuzaa peke yako kama paka. Funga mzigo." Nikafunga.

Nilijifungua zahanati asubuhi, mtoto wa kike, na jioni ileile nikarudishwa tembeni kwa mkokoteni wa ng'ombe. Kwa desturi ya nyumba ile, mtoto hatolewi nje mpaka kitovu kidondoke. Haonwi na mpita njia, hapigwi na upepo, hapewi jina, anaitwa mgeni. Basi tukakaa ndani, mimi na mgeni, kwenye chumba cha katikati kabisa. Kuta za miti na udongo, paa la udongo, mlango wa kuinama, na juu tundu moja la kutolea moshi ambalo ngumi yangu ingeliziba. Ilikuwa mwezi wa saba, miezi ile ambayo baridi ya Dodoma inapita hadi kwenye mfupa, na mle ndani palikuwa na joto tamu la majivu. Mama mkwe aliniletea uji wa uwele uliochachushwa, ugali na mlenda, supu ya yule kuku. Alikaa ananitazama nikila. Nje niliwasikia wanawake wakija kuuliza: "Mgeni hajambo?" "Hajambo. Mtulivu." "Halii?" "Halii kabisa. Analala tu." "Aa, huyo kachukua tabia ya babu yake, hatawasumbua." Na kila mmoja akasifu. Mtoto asiyelia, asiyesumbua kunyonya, anayelala kutwa! Mimi nilisikiliza sifa zile gizani nikimshika mwanangu, na kila nilipomtia titi mdomoni akalivuta mara mbili tatu akaliachia, nikamtia tena, nikaanza kuhesabu mivuto yake.

Kilichonitoa ndani ni udadisi zaidi kuliko busara. Nilitaka kuuona uso wake. Nilikuwa naujua kwa vidole tu: pua, nyusi, kidevu chenye kishimo. Asubuhi moja mama mkwe alipokwenda kufungua ndama, nikajikokota na mtoto hadi mlangoni, nikainamisha uso wake kwenye mstari wa jua ulioingia chini ya mlango, nikamfungua jicho kwa kidole gumba. Lilikuwa njano. Si njano hafifu ya macho ya mgonjwa wa homa. Lilikuwa njano ya bizari, jicho lote, na ngozi ya paji la uso vilevile, na nilipomfunua kifua, na kifua. Nilipiga kelele. Mama mkwe akaja mbio, akatazama mara moja tu. Nilitegemea anigombeze kwa kumtoa mgeni mwangani. Hakunigombeza. Alikaa chini palepale vumbini kama mtu aliyekatwa miguu, kisha akanyanyuka, akavua kaniki yake ya juu, ile nyeusi ya zamani iliyofuliwa hadi ikawa laini, akamfunika mtoto kichwa mpaka miguu. "Twende mjini," alisema. "Twende sasa hivi."

Nilifurahi kwamba hakubisha. Niliwahi kusikia juu ya mabibi wanaobisha. Huyu alisimamisha pikapu iliyobeba zabibu, akamwambia dereva, "Baba, tupakie, una watoto wewe," na njiani akamshika mtoto mwenyewe, akiwa amegeuza mgongo wake upande wa upepo.

Wodi ya watoto wachanga ya hospitali kubwa ya mjini ilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu. Nesi aliyetupokea aliitwa Sista Generosa, mwanamke mnene mwenye viatu visivyotoa sauti. Alimlaza mwanangu kwenye meza karibu na dirisha, akambonyeza pua kwa kidole gumba, akaachia, akatazama rangi inayobaki. Akabonyeza kifua. Akabonyeza paja. Kila alikoshuka nilimwomba Mungu aishie hapo. Akabonyeza unyayo, na alama aliyoiacha kwenye unyayo mdogo ule ilikuwa ya manjano. "Imefika chini," alisema, si kwangu. Akauliza, "Mmekaa naye wapi mpaka leo?" Mama mkwe akajibu, "Ndani." Damu ikachukuliwa, yake na yangu. Daktari kijana alikuja kueleza kwamba damu yangu na damu ya mtoto hazipatani, kwamba chembe za damu yake zinavunjika haraka na kuacha uchafu wa manjano mwilini, na kwamba uchafu huo ukizidi unapanda kwenye ubongo. Nikauliza ukipanda unafanya nini. Alinitazama, nadhani alikuwa anapima kama niambiwe. "Unaharibu," alisema. "Kusikia. Shingo. Akili. Au anafariki." Aliposema tutaanza na taa, na taa zikishindwa tutambadilisha damu yote, mama mkwe aliyekuwa nyuma yangu akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Taa gani?"

Chumba cha taa kilikuwa kidogo kuliko nilivyotazamia. Vitanda vya kioo vitatu, na juu ya kila kimoja safu ya mirija inayotoa mwanga wa bluu, bluu kali inayofanya meno yaonekane meupe na midomo myeusi. Watoto walilala uchi, wamefungwa nepi tu, macho yamezibwa kwa pamba na bandeji. Walionekana kama watu wadogo waliotekwa. Sista Generosa akatupa sheria bila kupumua: mtoto awe uchi, macho yazibwe, ageuzwe kifudifudi na chali, anyonyeshwe kila anapoweza na akishindwa akamuliwe maziwa anyweshwe kwa kikombe, asitolewe kwenye mwanga ila kwa kunyonya. Mzazi mmoja tu ndiye akae ndani. Mwanangu alipolazwa pale na kaniki kuondolewa, ngozi yake haikuwa njano tena wala nyeusi. Bluu ilimeza kila rangi. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote: kwamba chini ya taa ile sikuweza tena kuona kama anapona au anakufa.

Akina mama tulilala chumba cha pili, wawili wawili kitandani. Mwenzangu aliitwa Hadija, mwenyeji wa Kondoa, mwanawe alikuwa kitanda cha jirani na cha mwanangu. Hadija alikuwa mtu wa mizaha, na mizaha yake ndiyo iliyokuwa inatulaza. "Mwanangu akitoka hapa," alisema, "nitamwambia baba yake tumemnunulia umeme kabla ya nyumba." Sista akipita akiwa na kipimo, Hadija alimnong'oneza, "Sista, hizo taa hazina za wakubwa? Mimi nina ukwe unaonitia manjano." Mama mmoja alicheka hadi akashika mshono wake. Chakula cha hospitali kilikuwa ugali na maharage, lakini mama mkwe, aliyelala kwa ndugu yake huko Chang'ombe, alikuja kila siku na kapu lake la mlenda na uji kwenye chupa ya chai. Kisha alinitoa chumba cha taa kwa mkono. "Nenda ukale. Nenda ukalale kidogo. Titi halitoi kwa mtu mwenye njaa. Mimi nitakaa." Sista alimruhusu kwa sababu alikuwa msafi na mkimya. Nilimshukuru Mungu kwa mama mkwe wa namna ile. Wenzangu walinionea wivu.

Nilipokuwa ndani mimi, nilikaa nikiitazama taa. Sikuelewa. Dawa ninayoijua inamezwa au inachomwa. Hii haikumgusa mtoto. Mwisho nikamuuliza Sista Generosa.

"Sista, samahani. Hii taa inamtibuje? Haimwingii."

"Inamwingia. Kwenye ngozi."

"Inaingia inafanya nini?"

Akaniangalia. "Wewe unauliza kama mkaguzi." Lakini akasimama, akaweka kiganja juu ya tumbo la mwanangu. "Yale manjano yako hapa chini ya ngozi. Ini lake bado changa, haliwezi kuyatoa. Mwanga huu ukiyapiga unayageuza, yanakuwa kitu kinachoyeyuka majini, anayatoa kwa mkojo na kwa choo. Ndiyo maana namtaka uchi. Kila sehemu iliyofunikwa ni sehemu isiyotibiwa."

Nililishika neno lile. Nikalirudia kimoyomoyo kila nilipoingia pale. Lakini vipimo havikulishika. Damu ilichukuliwa, majibu yakarudi, yamepanda. Ikachukuliwa tena, yamepanda. Wakabadilisha mirija wakidhani imechoka. Wakaishusha taa karibu zaidi. Mtoto wa Hadija alikuwa anashuka, na Hadija akaanza kunionea haya, akapunguza mizaha. Nilimsikia daktari kijana nje ya mlango akimwambia Sista, "Sielewi. Ongea na benki ya damu. Kesho mchana tukiona hivi, tunabadilisha." Na Sista akasema, "Kwa mishipa myembamba hii?" Viatu vya daktari vikaondoka. Mimi nilikuwa nimekaa na kikombe cha maziwa mkononi. Asubuhi iliyofuata mwanangu alilia kilio kipya, chembamba, cha juu, kama waya unaovutwa, na nilipomnyanyua akapinda shingo nyuma. Kidogo tu. Niliuona ule mpindo, na mpaka leo nikiona mtoto yeyote akijinyoosha usingizini, namsogelea kumtazama shingo.

Mchana ule mama mkwe alikuja kama kawaida, akanitoa kama kawaida. Nilikwenda chumba cha pili nikafungua kapu, nikalifunga tena. Nikajaribu kukamua, maziwa yakatoka mara moja, mengi, yenyewe. Nikarudi na kikombe upesi kabla hayajapoa. Nikasukuma mlango kwa bega.

Kitanda cha mtoto wa Hadija kilikuwa kinang'aa bluu. Kitanda cha mwanangu kilikuwa na shimo jeusi katikati. Sikuelewa ninachokiona. Taa ilikuwa inawaka, mwanga ulikuwa unamwagika juu yake, na haukurudi. Ilikuwa kaniki. Ilikuwa imemfunika mwanangu shingoni mpaka miguuni, imekunjwa mara mbili, na mkono wa mama mkwe uko juu yake, na yeye anaimba chini kwa chini, kwa Kigogo, wimbo wa kubembeleza ambao nilikuwa nimeusikia tembeni.

"Mama. Unafanya nini?"

"Shii. Rudisha mlango, upepo."

"Mama, taa haimfikii."

"Ndiyo," alisema, bila haraka. "Haimfikii."

Nikasogea kuivuta ile nguo, akanishika kifundo cha mkono. Alikuwa na nguvu za mtu aliyetwanga maisha yake yote. "Kaa," alisema. "Kaa nikuambie, kisha ufanye utakalo." Nikakaa, kwa sababu alikuwa mama mkwe wangu na kwa sababu machozi yalikuwa yanamtoka bila uso wake kubadilika.

"Kabla ya Yohana nilizaa mtoto," alisema. "Akageuka hivihivi, rangi ya bizari. Nikampeleka zahanati. Wakaniambia, mwanike juani asubuhi, itaondoka. Mimi nilikuwa mtiifu. Nilimlaza uani kwenye ngozi ya mbuzi, uchi, kila asubuhi. Watu wakipita wananicheka, unaanika mtoto kama mtama. Mimi namwanika tu. Akaacha kunyonya, namwanika. Siku moja nikasema sasa nimgeuze, jua limpate na mgongoni." Akanyoosha mkunjo wa kaniki. "Sikugeuza mtoto. Niligeuza kitu. Leo mnaniletea jua la ndani ya nyumba, mnanizibia mtoto macho asilione. Nikae nitazame tena?"

Nimesikia watu wakisimulia kwamba wakati kama ule waliona njia mbele yao wazi. Mimi sikuona chochote. Upande mmoja palikuwa na maneno ya nesi kuhusu manjano yanayoyeyuka, maneno ambayo sikuwa na namna ya kuyahakikisha. Upande mwingine palikuwa na mwanamke aliyefuata maneno ya namna hiyohiyo hadi mwisho wake. Yeye alikuwa ameshuhudia. Mimi nilikuwa nimeambiwa. Na mtoto kati yetu alikuwa anapumua haraka chini ya nguo nyeusi. Nilichofanya ni kile nilichofanya maisha yangu yote nisipoelewa kitu. Nilikigusa. Niliingiza mkono wangu chini ya taa nikauacha pale. Kisha nikasema, "Weka na wewe."

"Sitaki."

"Mama, weka. Mimi nimeweka."

Aliweka. Mikono yetu miwili ilikaa pale, imekuwa ya bluu, mishipa yake imesimama kama mizizi. Alisubiri. Akaugeuza mkono, akasubiri tena.

"Halichomi," alisema. Alisema kama mtu aliyeibiwa. "Kama halichomi, linaponyaje?"

"Linayayeyusha manjano. Anayakojoa. Ila lazima limpate mwilini, mama. Hilo la uani halikuwa na nguvu za kutosha, hukukosea wewe." Sikujua kama ninachosema ni kweli. Nilikisema kwa sababu mkono wake ulikuwa bado uko pale kando ya wangu.

"Na akifa?"

"Akifa, useme ni mimi niliyemfunua."

Nikaivuta kaniki. Safari hii hakunishika. Mwili wa mwanangu ulionekana mdogo kupita nilivyoukumbuka. Nikajua halijaisha, kwamba lazima nimwambie Sista, kwa sababu nje huko watu walikuwa wanatafuta damu wakidhani taa zimeshindwa, na taa zilikuwa hazijajaribiwa. Lakini kwetu mkamwana hasimami mbele ya wageni akamshitaki mama wa mumewe. Nilisimama mlangoni nikaita. Sista Generosa alipokuja, ulimi ukawa mzito. "Mtoto amekuwa akifunikwa," nilisema.

"Anafunikwa na nani?"

Nilitazama viatu vyake. Nyuma yangu sauti ikasema, "Na mimi."

Sista aliiona kaniki mkononi mwangu, akaelewa vyote kwa mara moja. "Mama! Unataka kumuua mjukuu wako?" alifoka, kwa sauti iliyofika hadi ukumbini. Mama mkwe hakujitetea. Alichukua nguo yake mkononi mwangu, akaitupa begani, akatoka taratibu, na watu wakampisha njia kama wanavyompisha mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Nilitaka kumwambia Sista habari ya ngozi ya mbuzi, lakini alikuwa tayari anakimbia kumwita daktari. Sikujua kwamba mwanamke yule anaweza kukimbia.

Waliburuta taa ya pili. Wakazungusha shuka jeupe pande zote ili mwanga usipotee. Daktari akasema tutampa mpaka jioni, na kwamba damu iko tayari, haitarudishwa. Jua la alasiri lilitambaa kwenye sakafu ya ukumbi. Nilikamua, nikamnywesha kwa kikombe, nikakamua tena. Mara mbili alipitiwa na kile kilio cha waya. Hadija alikuja akakaa nami sakafuni, akanipa chai, na hakusema mzaha wowote. Ndipo nilipojua hali yangu ilivyo. Walipochukua damu, kisigino chake kilikuwa kimejaa matundu. Nilikaa nikitazama mlango wa maabara. Nilikuwa najaribu kukumbuka jinsi alivyokuwa amekunja mikono saa ile, ili nisije kusahau.

Sista Generosa alirudi na karatasi. "Imeshuka," alisema. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, akaongeza, "Kidogo. Lakini imeshuka."

Nilimkuta mama mkwe nje, ameegemea ukuta wa wodi upande wa upepo, kaniki ameivuta juu ya kichwa. Nikapiga magoti nikamwambia. Aliishusha kaniki kutoka kichwani.

"Amekojoa?" aliuliza.

"Amekojoa, mama."

"Rangi gani?"

"Kama chai."

Akainuka. Aliingia ndani bila kumwomba mtu ruhusa, akapita mbele ya Sista, ambaye alifungua mdomo kisha akaufunga. Akaketi kando ya kitanda, akaingiza mkono wake chini ya taa, kando ya mwili wa mtoto bila kumgusa, akauacha pale mpaka wa zamu nyingine walipomwondoa.

Tuliporuhusiwa, daktari kijana hakutupongeza. "Tumemuwahi, au hatukumuwahi," alisema. "Hilo atatuambia mwenyewe akikua. Mwangalie shingo. Mwangalie masikio." Hivyo ndivyo mwaka wangu ulivyogeuka kuwa wa kuangalia. Tulimpa jina Sechelela, maana yake shangilia, na mimi sikushangilia. Nilirudi naye Makole, nikakaa mahali pamoja kwa mara ya kwanza maishani, kwa woga tu. Nilimpima shingo kila asubuhi. Alipolala nilinyata nyuma yake nikagonga mifuniko ya masufuria. Mara anashtuka, mara hashtuki, na kila asiposhtuka niligonga tena, karibu zaidi. Majirani nikawasikia kwenye foleni ya maji: "Yule binti anampigia mwanawe masufuria mchana kutwa." "Kachanganyikiwa. Mume yuko wapi?" Mama mkwe alikuja na maziwa ya mgando na karanga, akaiona mifuniko sakafuni, akajua. Aliiokota, akaiosha, akairudisha mahali pake. Habari ya kaniki hatukuizungumza, si siku ile, si miaka yote iliyofuata.

Mwezi wa kumi na mbili mvua ya kwanza ilipiga bati letu ghafla, kama mawe yaliyomwagwa, na mtaa mzima ukakimbia nje kuanua nguo na kupanga ndoo. Mimi sikukimbia. Nilibaki nimemkodolea macho. Sechelela alifumbua macho, akatazama juu, akalia kwa nguvu, na mimi nikalia naye. Niliamini yamekwisha. Kisha alipoanza kutambaa nikamwita nikiwa mlangoni, kushoto kwake, akasikia, akafurahi, akageukia kulia, ukutani, upande usio na mtu. Nikamwita tena. Akageukia ukuta tena. Hospitali walipima wakasema sikio la kushoto lilipotea. Niliuliza ni lini lilipotea: siku za tembeni, au siku za kaniki, au kabla ya yote? Daktari akasema swali hilo hakuna anayeweza kulijibu. Mimi nimelibeba.

Sechelela ni mpishi wa kantini ya chuo pale mjini sasa, ana mtoto wake. Ukikaa naye anahakikisha uko mkono wake wa kulia. Msibani, watu walipopungua, alikuja akapanga mkeka hivyo, akasema, "Mama, umesimama ukasema bibi alikulisha. Ndiyo hilo tu?" Nikamwambia. Nilimwambia vyote, tembe, taa, kaniki, na sikumwangalia usoni, kwa sababu nilikuwa naogopa atakavyoutazama udongo mbichi wa kaburi lile. Alichomoa ukindu mmoja uliolegea kwenye mkeka.

"Yule wa kwanza," alisema mwisho. "Aliyeanikwa. Alikuwa wa kike au wa kiume?"

"Sijui."

"Aliitwa nani?"

"Sijui, mwanangu."

"Wewe? Wewe unayemuuliza kondakta matairi yamenunuliwa wapi?" Hakusema kwa ubaya. Aliinuka, akakung'uta kitenge chake, akaenda ng'ambo ya uwanja alikokaa mdogo wa marehemu, kikongwe asiye na jino hata moja. Akapiga magoti, akamwamkia, akasema naye kitu. Kisha akageuza kichwa, akauelekeza upande wake wa kulia kwenye mdomo wa yule bibi, karibu kabisa. Bibi akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu. Pale nilipokaa sikusikia neno. Nilichoona ni kichwa cha mwanangu kikiinama, kikiinuka, kikiinama.